Rimoti ya Winchi Inaponyamaza

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya kazi ninayoifanya tangu nilipomaliza masomo katika shule hii, ili wadogo zangu walioko madarasani wapate kujua kwamba yale wanayofundishwa katika fizikia hayaishii ubaoni. Mimi ni fundi wa umeme wa mitambo. Kazi yangu hasa ni kutunza winchi, yaani mashine za kunyanyulia mizigo. Zamani winchi ya karakana iliendeshwa kwa waya mnene ulioning'inia kutoka juu, na mwishoni mwa waya huo palikuwa na vitufe. Siku hizi winchi nyingi huendeshwa kwa rimoti ya redio, ambayo mwendeshaji huishika mkononi au huifunga kiunoni. Basi nitaeleza namna rimoti hiyo inavyofanya kazi, na yampasayo mtu kufanya inaponyamaza ghafula. Naomba wazazi nao wasichoke kusoma, maana jambo hili lahusu uhai wa watu, na huenda mmoja wa watoto wao akaajiriwa kesho mahali penye mashine kama hiyo.

Labda msomaji atauliza, "Winchi hizo ziko wapi katika Same yetu?" Ziko karibu kuliko anavyodhani. Simama kando ya barabara kuu iendayo Moshi, utayaona malori yenye winchi mgongoni, yanayoshusha transfoma na nguzo za umeme. Jasi inayochimbwa Makanya hupelekwa kwenye viwanda vya saruji, na katika karakana za viwanda hivyo hakuna mota wala gia kubwa iwezayo kuinuliwa kwa mikono. Hali kadhalika mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa mwezi wa Machi mwaka 2025, huyatoa maji yake Bwawa la Nyumba ya Mungu, nayo husukumwa na pampu kubwa. Pampu za namna hiyo zikihitaji matengenezo, lazima ipatikane mashine ya kuzinyanyua.

Amri husafirije hewani?

Kuamuru mashine kwa redio si jambo la jana. Mwaka 1898 mtaalamu aitwaye Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, huko Marekani, mashua ndogo iliyokuwa ikielea katika birika kubwa la maji. Mashua ile iligeuka huku na huku bila waya wowote, yeye akiwa amesimama mbali na kisanduku chake cha kuiamuru. Rimoti zetu za leo ni wajukuu wa kisanduku kile.

Rimoti ya winchi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kisanduku cha mkononi, chenye betri, vitufe na redio ndogo ya kurusha ishara. Ya pili ni kisanduku cha mtamboni, kilichofungwa juu ya winchi yenyewe, chenye antena na redio ya kupokea. Mwendeshaji abonyezapo kitufe cha "pandisha", kisanduku cha mkononi hugeuza amri hiyo kuwa mfuatano wa tarakimu, kisha huirusha kwa mawimbi ya redio.

Rimoti nyingi za kiwandani hutumia masafa ya megahezi 433 hivi, maana yake wimbi hutikisika mara milioni 433 katika sekunde moja. Wanafunzi wa fizikia wataweza kupata urefu wa wimbi hilo. Tugawe mwendo wa nuru, yaani mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa 433,000,000. Tutapata mita 0.69. Robo ya urefu huo ni sentimita 17 na kitu. Ndiyo sababu antena nyingi za rimoti hizi hazizidi urefu wa kalamu ya risasi iliyo mpya. Sikukuu ya fundi ni siku anapokiona kitabu cha shule kimejificha ndani ya kipande cha waya!

Kisanduku cha mtamboni kikiisikia ishara, hakikimbilii kutii. Kwanza hutazama jina. Kila rimoti ina namba yake ya pekee, ili rimoti ya winchi moja isiamuru winchi ya pili iliyo karibu nayo. Pili, hukagua kama ujumbe umefika mzima, haukuharibika njiani. Yakiwa sawa yote mawili, ndipo hufunga rilei, ambayo ni swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme. Rilei ile haina nguvu ya kubeba umeme wa mota. Kazi yake ni kuamsha swichi kubwa zaidi iitwayo kontakta. Kontakta ndiyo ipelekayo umeme wa volti 400 wa fezi tatu kwenye mota, na mzigo ukaanza kupanda. Kwa hiyo amri ndogo huamsha kubwa, na kubwa huamsha kubwa kuliko hiyo.

Kwa nini rimoti imefundishwa kunyamaza?

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu. Watu wengi hudhani kwamba rimoti ikinyamaza imeharibika. Pengine ni hivyo, lakini mara nyingi imenyamaza kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa, imlinde mtu.

Hata wakati ambapo mwendeshaji habonyezi kitu, rimoti iliyowashwa haikai kimya. Hurusha ishara tena na tena, kana kwamba inasema, "Nipo, nipo, nipo." Kisanduku cha mtamboni husikiliza sauti hiyo. Kisipoisikia kwa muda mfupi, ambao kwa rimoti nyingi haufiki hata sekunde mbili, huachia rilei zote na winchi husimama. Ikiwa rimoti imeanguka ikavunjika, au betri imekwisha, au mwendeshaji ameondoka akaenda mbali nayo mfukoni, winchi husimama. Mtengenezaji amekwisha kukata shauri kwamba penye shaka, kusimama ni bora kuliko kuendelea.

Breki nayo imewekwa kwa busara hiyo hiyo. Mtu asiyejua atafikiri kwamba umeme ndio ubanao breki. Sivyo. Springi ndiyo ibanayo, na umeme ndio huiachia. Kwa hiyo umeme ukikatika wakati mzigo uko juu, springi huibana breki mara moja na mzigo hubaki ukining'inia, hauanguki.

Tena kuna jambo la tatu. Winchi iliyosimama kwa sababu hizo haijiwashi yenyewe sababu ikiisha. Fikiri umeme umekatika saa nne, na mfanyakazi akapanda juu kupaka grisi. Umeme ukirudi saa tano na winchi ikaanza kwenda yenyewe, itamkuta yule mtu palepale. Ndiyo maana lazima mtu aiwashe upya kwa mkono wake na kwa nia yake. Kuwasha upya ni ahadi: mwashaji anawaambia wote walio karibu kwamba amekwisha tazama, na kwamba hakuna atakayeumia.

Mfano wa ndiva

Wazee wetu wa Upare walituachia mfano mzuri wa kutafuta hitilafu, ingawa hawakuwa na redio. Kila mwenyeji wa milima hii anaijua ndiva, yaani bwawa dogo linalojazwa maji ya kijito usiku, ili asubuhi lifunguliwe na maji yateremke kwa mifereji mpaka mashambani. Huko Bangalala, kwa mfano, iko ndiva ya Manoo inayojulikana sana.

Sasa mkulima wa bondeni amengoja zamu yake, na maji hayafiki. Je, atapanda mbio mpaka ndiva na kuanza kuivunja kingo? La. Mtu mwenye akili huufuata mfereji. Akifika katikati ya njia, hutazama. Akiyakuta maji pale, anajua kwamba ndiva ni nzima na sehemu ya juu ni nzima. Ubovu uko kati ya pale aliposimama na shamba lake, labda ukingo umebomoka au jirani amegeuza maji. Asipoyakuta, anajua kwamba hana haja ya kurudi chini, na huendelea kupanda. Kwa kutazama mara moja tu ameikata kazi yake nusu.

Amri ya rimoti nayo hupita katika mfereji wake, na mfereji huo una vituo vinane: betri, vitufe, redio ya mkononi, njia ya hewani, redio ya mtamboni, rilei, kontakta, na mota. Mtu akivikagua kimoja kimoja tangu mwanzo, huenda akapima mara saba kabla ya kuujua ubovu. Lakini akianzia karibu na katikati, kisha akakata tena katikati, vipimo vitatu au vinne vyatosha. Wanafunzi wa hesabu watakubaliana nami.

Na katikati hiyo ni wapi? Katika visanduku vingi vya mtamboni, kila rilei ina taa yake ndogo. Mwambie mwenzako abonyeze kitufe, nawe utazame taa na kutega sikio. Taa ikiwaka na rilei ikalia "tik", basi amri imetoka mkononi, imepita hewani na imefika. Ubovu uko mbele, upande wa umeme mkubwa. Taa isipowaka, ubovu uko nyuma, upande wa redio na betri. Nimewaona watu wakitupa betri mpya tatu mfululizo, na kumbe fyuzi ya mota ndiyo iliyoungua. Hao ndio wanaoivunja ndiva kwa sababu ya mfereji.

Tazama kwanza, ndipo uguse

Kabla ya kugusa kitu chochote, fundi hujiuliza maswali matatu. Je, mzigo uko wapi? Je, watu wako wapi? Je, ni nani aliyeisimamisha mashine? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa sana, nami nitaeleza kisa kimoja ili lisisahauliwe.

Katika karakana moja niliyofanyia kazi, winchi ilikuwa imenyanyua mota yenye uzito upatao tani moja na nusu, mara ikasimama. Mwendeshaji alibonyeza, akatikisa rimoti, akabadili betri, wapi! Nilipoitwa nilikitazama kisanduku cha mtamboni. Taa ya umeme ilikuwa inawaka, na taa ya ishara ilikuwa inawaka, lakini kontakta kuu haikushika. Maana yake redio ilikuwa nzima, na kitu fulani kilikuwa kimeikata njia baada yake. Tukaufuata waya mpaka kwenye nguzo ya mlangoni, na hapo tukakikuta kitufe chekundu cha dharura kimebonyezwa. Kijana mmoja alinyosha mkono ili akizungushe, winchi iwashwe, kazi iendelee.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Nani amekibonyeza?"

Hakuna aliyejibu. Punde akaja mzee mmoja mfagiaji, akifuatana na msimamizi ambaye alikuwa amekwenda kumwita ofisini.

"Nimekibonyeza mimi, wanangu," akasema yule mzee. "Inueni macho mwitazame ile kamba."

"Shikamoo, mzee," akasema yule kijana kwa haya, akaushusha mkono wake.

"Marahaba. Tazama, mwanangu."

Tukatazama. Nyuzi nyingi za kamba ya chuma zilikuwa zimekatika mahali pamoja, zimesimama kama miiba ya mkonge. Msimamizi aliamuru watu wote watoke, sakafu ikafungwa kwa kamba, ndipo lori lenye winchi likaletwa na kuushika mzigo kwa mnyororo wa pili mpaka ukateremshwa salama. Rimoti ilikuwa nzima, redio nzima, mota nzima. Kama kitufe kile kingalizungushwa bila kuulizwa, sijui tungaliwaambia nini wazazi wa vijana wale waliokuwa wamesimama chini.

Hatua za kuwasha upya

Baada ya kuhakikisha kwamba mzigo umetulia, watu wako mbali, na sababu ya kusimama imejulikana, fuata hatua hizi. Kila mtengenezaji ana kitabu chake cha maelezo, na kitabu hicho ndicho mkubwa. Lakini kwa rimoti nyingi mambo huenda hivi.

Kwanza, tazama vitufe vyekundu vyote vya dharura, cha rimoti na vile vya ukutani. Kitufe cha dharura ni chekundu, nacho huwekwa juu ya rangi ya manjano ili kionekane upesi. Kikibonyezwa hubaki ndani mpaka mtu akizungushe au akivute. Usikizungushe ambacho hujui aliyekibonyeza.

Pili, hakikisha kwamba vitufe na mikono yote ya rimoti imerudi mahali pake pa mapumziko. Rimoti nyingi hukataa kuwaka ikiwa kitufe kimoja kimekwama ndani, kwa sababu winchi ingeruka mara tu inapowashwa. Huku kwetu ni kukavu na vumbi ni jingi. Vumbi likiingia chini ya mpira wa kitufe, hukikwamisha. Katika viwanda vya mkonge kuna adui mwingine, nao ni utomvu, ambao hula chuma. Pangusa rimoti kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiimwagie maji.

Tatu, pima betri. Betri kavu nne za volti 1.5 zikifuatana hutoa volti 6. Zile za kuchajiwa za volti 1.2 hutoa 4.8. Lakini zipime rimoti ikiwa imewashwa. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri inapopumzika, kisha hushuka inapopewa kazi, kwa sababu ya ukinzani wake wa ndani. Safisha pia vile vibati vya shaba vinavyogusana na betri.

Nne, zima swichi kuu ya winchi, toa betri ya rimoti, na ungoje kama nusu dakika. Kungoja huku si ushirikina. Ndani ya visanduku mna kapasita ambazo huhifadhi umeme kwa muda baada ya swichi kuzimwa. Ukiwasha haraka mno, kompyuta ndogo iliyomo haitakuwa imezimika kabisa, na kosa lake itabaki nalo.

Tano, washa swichi kuu kwanza, kisha rudisha betri, achia kitufe cha dharura, na ubonyeze kitufe cha kuanzia. Winchi nyingi hupiga honi wakati huo, na kontakta kuu husikika ikishika kwa kishindo.

Sita, jaribu bila mzigo. Pandisha kidogo, teremsha kidogo, kisha ubonyeze kitufe chekundu uone kama kweli kinasimamisha. Jaribio hili la mwisho lifanywe kila asubuhi, hata kama hakuna ubovu. Kontakta ya kupandishia inaweza kugandamana kwa joto, na mota ikaendelea kwenda ingawa kidole kimekwisha toka kwenye kitufe. Wakati huo kitufe chekundu, ambacho huangusha kontakta kuu, ndicho kinga iliyobaki. Kinga isiyojaribiwa si kinga.

Kama bado haiitiki

Ikiwa taa ya rilei haiwaki, tafuta upande wa redio. Je, namba ya rimoti inalingana na namba iliyoandikwa kwenye winchi? Mahali penye winchi mbili, rimoti hubadilishana mikono, na mtu huhangaika na winchi hii huku akiiamuru ile asiyoiona. Hilo ni hatari kubwa, nalo huzuiwa kwa kupaka rimoti na winchi yake rangi moja.

Tazama pia mahali uliposimama. Sisi wa Same tunajua namna simu inavyopoteza mtandao mtu akipita nyuma ya mlima, maana mawimbi ya masafa haya hupenda kwenda njia iliyonyoka na hayapindi sana kufuata bonde. Winchi iko mita chache tu kutoka kwa mwendeshaji, kwa hiyo milima ya Upare haiihusu. Mlima wake ni chuma: kontena, bodi la lori, au ukuta wa mabati. Piga hatua mbili kando mpaka uione antena kwa macho, kisha ujaribu tena. Kama winchi husimama saa fulani tu za kazi, huenda mashine nyingine ya jirani inatumia masafa yale yale. Rimoti nyingi zaweza kuhamishiwa chaneli nyingine. Masafa ni mali ya nchi, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wala haifai mtu kununua chombo chochote cha kurusha mawimbi bila kujua kama kinaruhusiwa.

Ikiwa taa ya rilei inawaka lakini mota haiendi, hapo ni pa fundi mwenye ruhusa peke yake, kwa sababu mna volti 400. Yeye atatazama fyuzi, atatazama kama fezi zote tatu zipo, maana mota iliyokosa fezi moja huvuma bila kuzunguka na huungua upesi. Ataitazama swichi ya kikomo, ambayo huizuia ndoano isipande mpaka ikagonga juu. Na atauliza kama mzigo ulizidi kipimo, kwa kuwa mota iliyolemewa hukatiwa umeme na kinga yake mpaka ipoe.

Mambo yasiyofaa kabisa

Yako makosa ambayo yamewapoteza watu, nami nayataja bila kuficha. La kwanza ni kufunga kitufe kwa utepe au kijiti ili kidole kisichoke. La pili ni kuunganisha waya kuipita swichi ya kikomo au kitufe cha dharura, eti kazi isichelewe. La tatu ni kuiacha rimoti juu ya meza ikiwa imewashwa, mahali ambapo mtoto au mgeni aweza kuichezea. La nne ni kuwasha tena na tena mashine inayozima tena na tena. Mashine izimayo mara tatu inasema jambo lile lile mara tatu, nasi tunapaswa kulisikiliza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwajibisha mwajiri kuwalinda watu wake. Lakini mkono unaozungusha kitufe ni wa mfanyakazi, na hapo hapana mwingine wa kumwazima busara.

Tena kila winchi iwe na daftari lake. Andika tarehe, saa, taa zilizowaka na zisizowaka, ubovu uliopatikana na dawa yake. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litajua mengi kuliko fundi yeyote. Litaonyesha, kwa mfano, kwamba rimoti hii hunyamaza kila mara wakati wa kiangazi, na kwamba dawa yake ni kubadili mipira ya vitufe, wala si betri.

Wadogo zangu, wavulana na wasichana, kazi hii haihitaji maguvu. Yahitaji macho, masikio na subira. Anayeipenda asidharau hesabu za sumaku na umeme anazopewa sasa, kisha aweza kuendelea katika vyuo vya ufundi kama kile cha VETA kilichoko Moshi. Na kwa wale watakaochagua kazi nyingine, hata kama ni kuendesha mashine ya kusaga mahindi au pampu ya kijiji, kanuni ni ile ile. Mashine ikisimama, uliza kwanza imesimama kwa ajili ya nani. Ufuate mfereji, uanzie katikati, na usiwashe mpaka umekwisha hesabu watu waliosimama karibu nawe.